Zipu Kando ya Bilinganya

Kitu cha kwanza alichokiona Uwitonze ni kwamba vile vifungo havikuwa na vumbi.

Goma kila kitu kina vumbi. Vumbi jeusi la mawe ya volkano huingia kwenye chumvi, kwenye shuka, kwenye masikio ya watoto. Lakini beseni alilopakatishwa siku ile ya kwanza lilijaa vifungo vya kila rangi, vikubwa kwa vidogo, na kila kimoja kiling'aa kama kimetoka kuoshwa.

Mvua ilikuwa imemkuta katika mtaa wa Murara, akizunguka kutafuta nguo za kufua. Akajibanza chini ya bati la duka la vifaa vya ushonaji. Mwenye duka, Mama Mwasiti, alimwita mara mbili.

"Ingia, mutoto. Mvua haiulizi mutu jina."

Uwitonze akatikisa kichwa. Hakuwa na franga ya kununua hata sindano, na kuingia dukani mwa mtu mikono mitupu aliona ni sawa na kuomba. Mama akarudi ndani. Baada ya kitambo akatokea tena, safari hii na beseni kiunoni.

"Basi njoo unisaidie. Vifungo vyangu vimechanganyika vyote, na macho yangu yamezeeka."

Hiyo ilikuwa kazi, si sadaka. Uwitonze akaingia, akakaa kwenye kigoda, akachambua mpaka mvua ikakatika. Akapewa chai na mkate. Kesho yake akarudi bila kuitwa, na keshokutwa pia, mpaka ikawa ndiyo kazi yake. Habari ya vumbi hakuisema.

Hakuwa msemaji. Shule aliiacha katika darasa la tano la msingi, familia ilipokimbia kutoka Rutshuru, na tangu hapo kila alipotaka kusema jambo alilipima kwanza, akaliona dogo, akalimeza. Mama Mwasiti, ambaye watu wake walitoka Maniema wakiwa wachuuzi tangu enzi za mababu, alisema kwa niaba ya wote wawili.

"Weye nyamaza tu, binti. Miye niko na maneno ya kutosha duka zima."

Wakati huo duka lilitazama barabara. Kisha mwenye kiwanja akajenga ghorofa mbele yake, na duka likasukumwa nyuma, kwenye kichochoro kinachopita kinu cha kusaga mihogo. Mafundi waliozoea kusimama wakiwa njiani hawakuliona tena. Zikaja siku ambazo mlango ulifunguliwa asubuhi ukafungwa jioni, na katikati hakuingia mtu ila paka wa jirani.

"Na huyu naye anatafuta zipu?" Mama alikuwa akiuliza, na Uwitonze akicheka kwa kuficha mdomo.

Jioni moja Mama hakutania. Alivuta begi kutoka chini ya meza, akaanza kukunja vitenge vyake ndani.

"Mwezi huu ukiisha hivi, nafunga. Nitaenda Kindu kwa kaka yangu. Weye nitakutafutia pahali."

Uwitonze alimsaidia kukunja. Pahali gani tena? Pahali pake palikuwa hapa.

Siku chache baadaye Dative, fundi wa magauni ya harusi, alileta mihogo kinuni. Akiwa anangoja unga wake aliona nyuzi zinaning'inia mlangoni, akaingia na telefone mkononi.

"Muko na vifungo kama hivi? Nimeviona kwa picha ya mutu, nataka kuviagiza Kampala."

Uwitonze akapanda kigoda, akashusha mkebe wa juu, akaufungua. Vilikuwa vilevile, vya rangi ya dhahabu, na ua katikati.

"Ee Mungu! Viko hapa karibu na pua yangu?" Dative akapiga makofi. "Mama, mbona hamuweki picha? Siku hizi mutu anatembea macho yake ndani ya telefone. Asipokuona kule, kwake yeye hauko."

Kabla unga haujawa tayari, Dative alikuwa ameiingiza namba ya Mama kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa mji. Mama akamkabidhi Uwitonze telefone. "Shika weye. Miye nitapiga picha ya kidole changu."

Uwitonze aliipenda kazi hiyo, maana picha haihitaji sauti. Aliandika kidogo sana: iko, au imeisha. Kila asubuhi alifuta kilichouzwa, ili mtu asije akatupa nauli ya pikipiki kwa kitu kisichokuwepo. Na watu wakaanza kupenya kichochoroni, mmoja leo, wawili kesho, telefone mbele kama tochi. Aliyekuja kwa kifungo aliondoka na kifungo, uzi, lastiki na hadithi ya Mama Mwasiti.

Ndipo akaja Balagizi, fundi kutoka mtaa wa Ndosho. Alikuwa na kipande cha kitambaa cha zambarau, cha majoho ya kwaya, na alitaka zipu ya zambarau aliyoiona pichani. Uwitonze akaitoa, akailaza kando ya kitambaa. Ilikuwa nyekundu.

"Hii ndiyo ile?" aliuliza Balagizi.

Uwitonze akaitikia kwa kichwa.

"Nakuuliza, mutoto. Hii ni zambarau kwa kijiji gani?"

Uwitonze akatazama miguu yake.

"Papa Balagizi, kaa kwanza," alisema Mama. "Chai iko."

"Chai kweli, Mama? Ama kwa picha ni chai, nikifika ni supu?"

Akaondoka. Jioni akaandika kwenye kundi: kule Murara zipu ni zambarau kwenye picha, ni nyekundu dukani, chungeni nauli zenu. Hakuongeza chumvi hata kidogo, na hilo ndilo lililouma.

Watu wakaacha kuja. Paka akarudi. Uwitonze alingoja kugombezwa, lakini Mama aliketi akishona pindo la gauni lake, akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja tu, katika giza lile la dukani.

"Balagizi ana haki," alisema. "Lakini miye nilikuona ukipiga ile picha. Zipu ilikuwa nyekundu mbele yako. Telefone ndiyo ilisema uongo. Tafuta kwa nini."

Uwitonze akainua macho. Mlangoni palitundikwa turubai la buluu la kukinga jua na vumbi, na mwanga wote wa duka ulipita humo. Hata mikono yake ilikuwa na ubuluu, ila alikuwa amezoea. Akatoka nje, akapiga picha juu ya jiwe. Afadhali. Lakini ile telefone kuukuu ilikuwa na tabia zake, asubuhi rangi hii, jua likiwaka rangi nyingine. Na nani angemwamini sasa?

Adhuhuri alikuwa akiosha bilinganya kando ya jiko la makaa. Aliitazama ilivyong'aa mkononi. Telefone ikitaka kudanganya, alifikiri, itaidanganya zipu na bilinganya pamoja. Lakini hakuna mtu Goma asiyejua bilinganya ina rangi gani.

Akailaza juu ya jiwe jeusi. Kando yake akaweka zipu ya zambarau, ya kweli safari hii, kutoka boksi ambalo Balagizi hakungoja lishushwe. Akapiga. Kisha kifungo chekundu na nyanya, uzi wa kijani na jani la muhogo, lastiki nyeupe na kiganja cha chumvi. Mama aliporudi kutoka kuswali alikuta chakula chake kimepangwa juu ya mawe.

"Yarabi, tunauza nini leo?"

"Rangi," alisema Uwitonze.

Kundi lilicheka siku nzima. Mmoja aliliona jani la muhogo, akauliza sombe ni bei gani. Mwingine alitaka kujua kama nyama itafuata. Lakini asubuhi iliyofuata pikipiki ilisimama kinuni, na Balagizi akaingia, uso mkavu. Hakusalimu. Alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa bilinganya.

"Yangu mwenyewe," alisema. "Nimenunua sokoni. Lete hiyo zipu."

Uwitonze akaileta. Balagizi akaiweka juu ya bilinganya, akaiweka juu ya kitambaa cha kwaya, akaenda nayo nje kwenye jua, akarudi.

"Nipe za kwaya nzima," alisema Balagizi, kisha akakaa. "Na ile chai, Mama, kama bado ni chai."

Alikunywa vikombe viwili. Bilinganya aliiacha mezani, zawadi kwa mutoto wa telefone. Kisha akaandika kwenye kundi, mbele yao: nimefika, nimeona, rangi ni ileile.

Baada ya hapo kichochoro hakikupoa. Walitoka Ndosho, walitoka mpaka Kituku, wakiuliza pale kinuni ni wapi kwa Mama Sombe, jina ambalo kundi lilikuwa limembandika Mama Mwasiti. Waliomba zipu ya bilinganya na uzi wa ndizi mbivu, na kila mmoja alielewana na mwenzake.

Mwezi ulipoisha Mama Mwasiti alilivuta begi kutoka chini ya meza. Uwitonze akasimama ghafla. Lakini Mama alitoa kitenge cha kwanza, akampa ncha moja, wakakikung'uta pamoja.

"Kindu watangoja," alisema Mama. "Aksanti, binti. Ile mvua ilinipa mutu."

Uwitonze alishika ncha yake ya kitenge. Jambo likamjia mdomoni, akalipima kama kawaida yake. Safari hii halikuwa dogo.

"Mama."

"Nini tena?"

"Vile vifungo vya siku ya kwanza, vya kwenye beseni. Havikuwa na vumbi."

Mama Mwasiti akaacha kukung'uta.

"Vilikuwa vimetoka mikebeni muda uleule; mikebe ilikuwa wazi nyuma yako, vifuniko vyote kando. Na macho yako ni mazima, unatunga sindano gizani. Ulivichanganya weye mwenyewe, ili niingie bila haya. Nilijua tangu siku ile. Aksanti, Mama."