Asubuhi za Amondi

...na hii ni asubuhi ya nne mfululizo, Truphena anawaza, magoti yanamuuma kwa baridi ya sakafu, kiatu cha mwanawe mkononi, na Amondi ameng'ang'ania mguu wa kitanda kama kupe, soksi moja mguuni, nyingine ameikalia, hataki, hataki, hasemi kingine, mtoto wa miaka sita, jina lenyewe walimpa kwa kuwa alizaliwa alfajiri, leo alfajiri ndiyo adui yake... "Mama Amondi! Tunachelewa bwana!" huyo ni Carolyne wa mlango wa pili, anayewapeleka shule watoto wote wa ploti, "Anakuja!" Truphena anajibu, na anajua ni uongo, na kule Donholm anakofulia watu aliambiwa saa mbili ni saa mbili, na moshi wa jaa la Dandora umeshaingia dirishani, moshi ule ule uliokaa kifuani mwa mumewe Obonyo mpaka... hapana, si sasa, sasa ni kiatu. Labda anachapwa huko darasani, lakini jana alienda mwenyewe kumuuliza mwalimu Ndeti, mwalimu akashangaa, "Huyu? Huyu akishafika hana shida, mama, anaangalia tu mlango mpaka kengele ya mwisho," akacheka kidogo, na Truphena naye akacheka, alicheka nini, mtoto anayekodolea mlango macho kutwa nzima ana kipi cha kuchekesha... "Amondi, nitakuchapa!" na kiatu kimeshapanda juu, na mtoto hajikingi, hata hafumbi macho, anauliza tu, polepole, "Nikienda, na wewe utasafiri?" Utasafiri. Nani amemwambia habari za safari... yeye. Ni yeye mwenyewe. Alhamisi ile ya Machi Amondi alitoka na begi lake, baba yake ameketi kitandani anakohoa, akampungia mkono, na aliporudi saa tisa kitanda kilikuwa kimetandikwa kikanyooka, nyumba imejaa akina mama wa kanisa, na alipouliza baba yuko wapi Truphena akatoa jibu la kwanza lililomjia, baba amesafiri, kisha mama mkwe akapiga simu kutoka Siaya, mtoto mdogo haonyeshwi maiti, mwacheni huko huko, wakamwacha kwa Carolyne siku tano, Obonyo akazikwa bila binti yake, na waliporudi walirudi na ndizi, na Truphena, Mungu amsamehe, akamwambia ndizi hizo zimetumwa na baba, na mtoto akazila zote akabakiza moja, akaificha chini ya mto mpaka ikaoza, na yeye akamgombeza kwa kuchafua shuka. Na miezi yote hii anambembeleza, nenda tu mwanangu, ukirudi utanikuta, kumbe anamtonesha pale pale penye kidonda, kwani mtoto ameshajionea mwenyewe, mtu akienda shule, nyumbani huondoka mmoja, na wamebaki wawili tu. Yeye akaita deko. Akaita ukaidi, akawasimulia na majirani. Kumbe mwanawe yuko zamu, kutwa anauangalia mlango wa darasa akiwa mbali naye, asubuhi anashika kitanda, analinda mama. "Mama Amondi, sisi tumeenda!" na miguu ya watoto inapita nje ikikimbia, kuna anayecheka, na saa mbili ya Donholm haimngoji mtu, lakini kiatu bado kiko juu, na Amondi bado ameshika mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili, anangoja kujibiwa, na Truphena anatafuta neno la kumwambia mtoto wa miaka sita kwamba baba yake amekufa, analitafuta kwa Kiswahili, analitafuta kwa Kijaluo, na yote anayoyapata ni makubwa kuliko mdomo, lakini lile la safari halitoki tena, hata akilitaka, na mtoto anangoja...