Sauti ya Mukendi

Asubuhi moja ya mwaka 1993, Émérence alipanga unga wake wa mahindi sokoni Likasi, akafungua kinywa kumwita mteja, na sauti iliyotoka ikawa ya kaka yake wa kambo, Mukendi, waliyemzika juma lililopita. Ilikuwa nzito, yenye lafudhi ya Kasai, jimbo la asili ya baba yake Mukendi.

"Iyi bunga ni ya leo?" mteja aliuliza.

"Ya leo," ilijibu sauti ya Mukendi. Mteja alitazama huku na huku, kisha akafungua mfuko wake.

Mukendi alikuwa mwana wa marehemu Tshimanga, aliyemwoa Mama Marceline, mama yake Émérence, watoto wote wawili wakiwa wadogo. Siku ya kwanza alimsalimu Émérence kwa Kiluba cha kwao: "Moyo," yaani hujambo. Msichana akadhani ameitwa moyo wa mtu, akampenda papo hapo, na hakutaka kamwe kusahihishwa. Wakasai walipofukuzwa Likasi ili warudishwe kwao, Mukendi, ambaye Kasai aliisikia tu kwa jina, alipelekwa stesheni kungoja treni. Treni ilikawia, kuhara kukawahi kumuua.

Pasta Isidore alijitolea kuiombea sauti imtoke. "Useme tu amina," alisema. Émérence akauliza itaenda wapi. Pasta akakiri kwamba hilo hajafunuliwa. Basi Émérence akaibana amina yake.

Jioni alikuja Samy, mmoja wa vijana walinzi wa mtaa waliokuwa wakiwafukuza Wakasai, aliyekuwa chanda na pete na Mukendi.

"Weye hauko Mukasai," alisema, "lakini sauti yako iko Mukasai. Nyamaza, utabaki. Ukisema, nitakupeleka ku gare, kwenye Mukendi alikufia, ata kama sipendi."

Émérence akanyamaza. Aliuza unga kwa ishara, na koo lilimuuma kwa kumfungia kaka yake ndani. Nyumbani Mama Marceline alisonga bukari, ugali wa mahindi, akimtazama. Alikuwa amemlea Mukendi tangu akijikojolea, na stesheni walinzi walimkataza hata kumuaga akiwa hai. Jumamosi uvumilivu ukamwishia.

"Mutoto wangu, sema kidogo. Nimusikie."

"Mama, bukari imeiva, tukule," Émérence alisema kwa sauti ya Mukendi.

Mama akacheka huku akilia, akaomba arudie. Akarudia. Wakaongea habari za majirani, za mvua, za chumvi iliyoadimika, mpaka chakula kikapoa.

Samy alikuwa dirishani. Alingoja wamalize kula, ndipo akabisha hodi. Mama Marceline hakubishana. Alifunga blanketi na unga kidogo kwenye kitenge, akamkumbatia binti yake kwa muda mrefu.

Samy alimtangulia njiani. Karibu na stesheni akasimama.

"Uniite vile alikuwa ananiita," aliomba.

"Samy, mubaya weye!" ilisema sauti ya Mukendi, kwa utani uleule wa siku walipokuwa wakicheza mpira.

Samy akalia bila kuficha uso, akashukuru. Kisha akamkabidhi Émérence kwa walinzi wa stesheni, akarudi kulinda mtaa.