Shikamoo Mbele ya Kioo

Kwetu Hirbadaw hupiti mbele ya mzee bila kumwamkia. Kwa hiyo, ndani ya makumbusho moja ya pwani ya Uturuki, nilipoona mifupa ya bibi kizee aliyekufa miaka elfu tatu iliyopita, imelazwa kwenye kabati la kioo, nilisema, “Shikamoo, bibi.” Wenzangu wa safari wakacheka. Wacheke tu, wao walilelewa na nani?

Tuliporudi kwenye mashua na kuanza kuambaa pwani, mama alipiga simu kutoka nyumbani.

“Fausta, bibi yako ameongea!”

Bibi alikuwa hajatamka neno tangu apate kiharusi mwaka jana.

“Amesema nini?”

“Ameitikia marahaba, na hapa hakuna aliyemwamkia. Sasa anapapasa hewa mbele ya uso wake, anasema Fausta arudi amfungulie kioo.”