Bolti Zinazong'aa Chini ya Gari la Baba

Uliona. Usijifanye hukuona, maana lango la nyumba ile lilikuwa wazi, gari la kale limeinuliwa kwa jeki, na miguu ya mwanamke imetokeza chini yake kama ya mtu aliyemezwa nusu. Sauti zilipoanza kupanda, ghafla ukakumbuka umeacha kitu jikoni.

Mwenye miguu ile ni fundi aliyejifunza kazi kwa kulala chini ya magari. Mtaani wanamwita Spana. Gari ni la marehemu baba yake, na sasa liko mikononi mwa kaka yake mkubwa, ambaye hulipangusa mara nyingi kuliko anavyonawa uso. Alimwita dada yake aje kutazama breki tu. Lakini Spana alipowasha tochi, aliona vichwa viwili vya bolti vinang'aa kama vijiko vya wageni, pale mkono wa chini unaposhikana na bodi, mkono ule unaolizuia gurudumu la mbele lisijiendee zake.

"Kaka, hizi bolti umezitoa wapi?"

"Si nzuri? Haziliwi na kutu, hizo."

"Sikuuliza uzuri. Za zamani ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya kopo la rangi. Akazisugua kwa kidole gumba mpaka namba ya kichwani ikasomeka: 10.9. Mpya zimeandikwa A2-70. Akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mteja mbishi: yale maandishi ya kichwani ndiyo yanayotaja nguvu ya bolti, kung'aa ni kung'aa tu, na A2-70 ni dhaifu kuliko 10.9. Chuma hiki kinafaa mlango wa bafu. Ukikibebesha gurudumu linalopiga mashimo, kitajivuta kidogo kidogo, kitapinda, na siku moja kitaachia.

"Shida yako, Injinia, unajua mno," kaka akasema.

Mwaka jana, kwenye maonyesho ya magari ya kale, majaji walisukuma kioo chini ya gari, wakaona kutu, wakamkata alama tatu. Alama tatu hizo amezilalia na kuziamkia mwaka mzima. "Kesho wakisukuma kioo chao, wataona nyuso zao."

"Na Mama?"

"Mama anakaa mbele, kiti chake kile kile. Kitambaa cha kichwa ameshakipiga pasi."

Kufika uwanja wa maonyesho ni kushuka mteremko mrefu wenye kona tatu, na Spana si mtu wa kusahau. Miaka kumi na moja iliyopita pikapu ya muuza maziwa iliachia gurudumu kwenye mteremko huo huo. Yeye ndiye aliyekiokota barabarani kipande cha bolti, kichwa kitupu, hakina namba wala alama. Muuza maziwa anatembelea magongo mpaka leo. Watu walisema ni mkosi. Mkosi gani unaouzwa dukani kwa kilo?

Akatoka na mafuta mikononi, akazunguka maduka. Kote bolti zimemwagwa kwenye makopo kwa unene wake, ngumu na laini pamoja, kama maharage yasiyochambuliwa.

"Dada, bolti ni bolti," alisema muuzaji wa duka la tatu. "Haya, chukua hii ya 12.9, hakuna inayoizidi."

"Sitafuti bingwa. Natafuta mfano wa ile iliyokuwepo. Ngumu mno nayo ina siku yake ya kukatika bila kuaga."

"Tangu nifungue duka hakuna aliyewahi kuniuliza namba."

"Ndiyo maana unatuuzia chochote."

Duka la nne lilikuwa nazo mbili, nyeusi, 10.9, urefu ule ule, na sehemu isiyo na meno, ya kukaa ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye kiungio. Alirudi nusu anakimbia.

Kaka alizitazama kama mtu aliyeletewa panya kwenye sahani. "Nyeusi? Chini ya gari la Baba?"

"Baba mwenyewe ndiye aliyefunga zile za zamani. Nazo zilikuwa nyeusi."

Kaka alishusha jeki, akaingia, akalitoa gari kwa kishindo. Dakika kumi baadaye alirudi, kiwiko nje ya dirisha. "Haya, iko wapi iliyokatika?"

Majirani waliojiegemeza ukutani wakacheka. Mama akasema kutoka kizingitini, "Mwanangu, muache kaka yako. Kila siku wewe na vyuma vyako. Nimengoja kupanda gari hili tangu tulipomzika baba yenu."

Bolti haikatiki kwa sababu watu wamesimama kuitazama. Spana akaomba ufunguo wa gari, kaka akautia mfukoni. Sasa Spana amekaa kwenye ngazi, amezikamata zile mbili nyeusi mpaka meno ya bolti yamejichora kiganjani.

Na wewe bado unajiambia kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Ukalime wapi? Shamba huna. Kaka hamsikii dada yake kwa kuwa kwake yeye ni yule yule mtoto wa kupanguswa kamasi. Wewe atakuonea haya. Mama anapanda kesho saa mbili asubuhi. Vaa viatu, nenda sasa hivi, umkute angali anasugua bampa, umwambie mbele ya watu kwamba gari hilo halivuki lango mpaka zile nyeusi ziingie. Na usiende peke yako. Gonga mlango wa jirani ukipita.