Asiyeruhusiwa Kugusa Hadubini

Simu ya Jemutai wa duka la dawa iliingia saa nne na robo asubuhi, wakati Micah Kimeli akisubiri damu ya mtoto mmoja ikauke kwenye kioo cha slaidi. Jemutai hakusalimia.

"Mkaguzi wa maabara yuko kwangu. Akitoka hapa anakuja kwenu."

Micah alifanya alichokuwa akikifanya kila mwaka tangu sheria ibadilike. Alivua koti jeupe, akalitundika nyuma ya mlango, akavaa jaketi lake la sufi, akaenda kuketi kwenye benchi la wagonjwa. Hata kukohoa alikohoa kidogo, ili mambo yaonekane kamili. Watu wa Sachangwan waliuzoea mchezo huo, wakasogea kumpa nafasi.

"Pole, daktari," alisema Naliaka, mama muuza karoti wa kando ya barabara, aliyempakata mwanawe Maxwel. "Leo unaugua nini?"

"Leo ni mgongo. Mwaka jana ilikuwa tumbo."

Wakacheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Micah alikuwa na miaka hamsini na minne, ishirini na minane kati ya hiyo akiwa ameinamia hadubini. Alikuwa na cheti. Siku hizi bodi ya maabara inasajili wenye diploma tu, na asiyesajiliwa haruhusiwi kugusa hata chupa ya mkojo. Aliandika barua tatu, akajibiwa mara tatu kwamba suala lake linashughulikiwa. Alipokwenda chuoni kuomba nafasi ya kusomea hiyo diploma, aliambiwa alama yake ya kemia ya kidato cha nne, aliyoipata kabla ya karani aliyemhudumia kuzaliwa, haitoshi. Akishikwa akipima, kazi yake imekwisha, na kliniki ya Sista Wangechi huenda ikafungwa pamoja naye.

Hata hivyo, ukimuuliza Micah angekwambia maisha yake ni mazuri, na hangekuwa anadanganya. Aliipenda kazi yake. Aliwapenda hata wadudu wenyewe wa magonjwa, Mungu amsamehe.

Aliyesajiliwa pale ni Natasha, msichana wa miaka ishirini na mitano, ambaye leseni yake ya mwaka huu ilining'inia ukutani ndani ya fremu. Micah alisoma slaidi, Natasha akatia sahihi majibu. Ndivyo maabara nyingi ndogo zinavyoishi, na anayesema hajui hataki tu kujua.

Mkaguzi, Bwana Muturi, alifika viatu vikiwa vimejaa matope. Alikuwa mpole. Alisoma leseni, akafungua friji, akachungulia kisanduku cha sindano. Kila kitu kilikuwa sawa. Sista Wangechi alikuwa ameanza kutaja chai.

"Wacha kwanza nimuone akifanya kazi," Muturi alisema. "Hii slaidi ni ya nani?"

Ilikuwa ya Maxwel. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu. Kipimo cha haraka kilitoa mstari mmoja tu, maana yake hakuna malaria, na huku juu kwenye baridi malaria ni mgeni. Lakini Naliaka alikuwa ametoka Bungoma, kwenye joto na mbu, wiki iliyopita kumzika mamake, na mtoto alikwenda naye. Ndiyo maana Micah alitaka damu isomwe kwenye kioo.

Natasha aliipaka rangi, akaiosha, akaikausha, akadondosha tone la mafuta, akainama. Dakika zikapita kumi. Mlango ulikuwa wazi, na Micah kutoka kwenye benchi alimwona bega likipanda. Msichana akikwama, bega lake la kushoto hupanda. Alitamani kuinuka.

"Kama huoni kitu, andika hakuna," Muturi alisema. "Kipimo cha haraka pia kimesema hakuna. Niko na kliniki zingine nne."

Neno moja tu, na kila mtu angekuwa salama isipokuwa Maxwel. Natasha alishika kalamu. Kisha akaiweka chini, akaja mlangoni.

"Mzee Micah, kuja uone hii. Sijui ni uchafu wa rangi ama ni yenyewe."

Sista Wangechi alifumba macho. Micah angeweza kubaki pale na mgongo wake wa uongo. Alimtazama Maxwel, aliyekuwa akitetemeka kiasi cha meno kugongana, akainuka.

Aliketi bila koti. Alisogeza kioo taratibu hadi ukingoni.

"Zungusha hii skrubu polepole. Uchafu hukaa juu ya seli, ukizungusha unapotea wenyewe. Hii haipotei, iko ndani. Unaona pete? Na kitone chake?"

"Ai! Naona!"

"Ni malaria. Ni wachache, lakini ni yenyewe."

Muturi aliomba kuangalia. Aliinama kwa muda mrefu.

"Ni ukweli," alisema. "Mimi singeipata." Akafuta miwani yake. "Mzee, umesajiliwa?"

"La. Niko na cheti."

"Ungekaa tu huko nje."

"Na mtoto wa wenyewe?"

Muturi alitoa fomu, na ilionekana wazi kwamba haimpendezi. "Nikinyamaza, mwenzangu akija mtanitaja. Pole sana, mzee wangu." Akaandika kwamba Micah Kimeli, asiyesajiliwa, amekutwa akisoma slaidi. Kwamba kuanzia leo asiguse sampuli wala kifaa chochote, na akikutwa tena, kliniki ifungwe. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba alisoma sawasawa.

Maxwel alimeza dawa, akaitapika, akapewa nyingine, ikakaa. Kufikia saa saba alikuwa anaomba mandazi. Sista Wangechi alimwandika Micah upya kama mtu wa usafi, kwa mshahara uleule, kisha akaenda jikoni kulia kidogo. Micah alikula viazi vyake vyote. Alishangaa jinsi alivyokuwa na furaha, akaona aibu kuwa nayo, lakini ilikuwepo.

Saa tisa aliletwa mpakiaji wa viazi, homa imempanda, naye ametoka safari ya Busia, nako kwenye mbu. Natasha aliinama tena. Micah alisimama mlangoni, vidole vya miguu kwenye kizingiti, mikono ameifunga nyuma.

"Wameniambia nisiguse," alisema. "Hakuna mahali wameandika nisiongee. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Umeangalia sehemu ngapi?"

"Sabini hivi."

"Maliza mia. Usikimbie."

Natasha akaendelea, akihesabu kwa sauti. Micah naye akahesabu pamoja naye pale mlangoni: themanini na moja, themanini na mbili, huku akitazama ukuta.

"Mia," Natasha alisema. "Hakuna, mzee."

"Basi hakuna," alisema Micah, ambaye hakuwa ameona hata sehemu moja. "Andika."