Mabomba Makavu ya Mtaa Wetu

Mdogo wangu amepata bomba la maji uani kwake, na aliyempa ni mume wangu. Sikufichi, roho iliniuma.

Mume wangu ni mchumi wa idara ya mipango. Hata usingizini anaweza kukutajia vipaumbele vya taifa. Katika mpango wa miaka mitano uliopita, mtaa wetu ulilaziwa mabomba. Siku ya uzinduzi maji yakatoka, mgeni rasmi akanawa mikono, tukapiga makofi, kisha yakakatika moja kwa moja. Lakini idara inahesabu mabomba, haihesabu maji. Kwenye mpango mpya tukaandikwa mtaa uliokwisha kuhudumiwa. Ng'ambo ya barabara, anakokaa mdogo wangu, hapakuwa na bomba hata la dawa, basi wakapewa wao.

Nilimsihi mume wangu arekebishe. Akasema akiugusa mtaa anaoishi mwenyewe, watu watasema amejipendelea. Mume mwaminifu ni mzigo, nyie acheni tu.

Basi mimi, mtoto wa kwanza wa mama, nikawa navuka barabara na ndoo kwenda kuchota kwa kitinda mimba. Naye hana baya, ndiyo maana nilizidi kuchukia. Nikifika tu anawaambia watu kwenye foleni wanipishe, mimi ni dada yake. Tangu utotoni kila kizuri kilikuwa chake: sauti, nywele, sasa maji.

Jumamosi moja nikawakusanya wanawake wa mtaa. Kama kosa letu ni kuwa na mabomba, nikawaambia, tuyang'oe. Tukashika majembe, tukafukua, tukayalundika barazani kwangu na kutu yake. Mume wangu aliporudi alisimama akashika kiuno.

"Sasa hatuna bomba," nilimwambia. "Tuhesabu upya."

Akakiri, kwa sauti yake ya ofisini, kwamba kweli sasa tunastahili, ila mpango huu umeshapitishwa. Tutaingia katika ule ujao, tena wa kwanza kabisa.

Mdogo wangu alikuwa amekuja kuona kelele ni za nini. Akanishika mkono. "Dada, nitakuvutia mpira kutoka kwangu mpaka jikoni kwako."

Mume wangu akakohoa. "Shemeji, wakiukuta huo mpira hapa, mtaa mzima utaandikwa una maji."

Wenzangu wote wakanigeukia, majembe mkononi. Nikasema siutaki mpira, siwezi kuwasaliti majirani zangu kwa ajili ya jiko langu. Wakanishangilia, mmoja akanikumbatia na udongo wake. Mume wangu akasema hajawahi kuona raia mwenye moyo kama wangu.

Mdogo wangu peke yake hakupiga makofi. Ananijua. Alijua ningekataa hata kama majirani wote wangekuwa na maji mpaka kwenye paa, nikabaki mimi tu na ndoo yangu. Akaniachia mkono, akaniaga kwa adabu, akarudi kwake.