Ukimya Mpaka Saa Sita

Wamarekani na watu wa Ulaya wanapokutana Brussels kushauriana, jambo la kwanza wanalokubaliana ni kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri. Hilo hulikubali kabla hawajavua makoti. Kinachobaki ni kutafuta maneno ya kulisemea, na kazi hiyo ya kutafuta maneno ndiyo iliyomlisha Nevenka Hribar tangu alipohama kwao Slovenia akaja kuishi katika mji huu wa mvua.

Safari hii alikuwa na aya yake ndani ya tamko la pamoja. Aliiandika kwa mkono wake, fupi, ya kueleweka hata na mtoto. Ilisema kwamba wenyeji wote waliofanya kazi katika nchi ya Ordabel, kwenye ofisi ya ujumbe wa pamoja wa pande hizi mbili, watatolewa kwa ndege za Marekani na kupokelewa Ulaya. Ofisi ile ilikuwa imefungwa. Watawala wapya wa nchi ile walikuwa wakiwasaka nyumba hadi nyumba madereva, wapishi na wakalimani wake, na waliokamatwa hawakuonekana tena.

Kwa wengine mezani hao walikuwa "wafanyakazi wenyeji". Kwa Nevenka walikuwa Daler, dereva wake, aliyemtoa kwenye gari lililopinduka mlimani na kumbeba mgongoni hadi zahanati huku akimtania kwamba dada mnene namna hii angepandishwa punda. Walikuwa pia Munira mkewe Daler, na mabinti zao. Siku ujumbe ulipofungwa, Nevenka alimwambia Daler, "Sitakuacha." Hakuna aliyemshurutisha kusema. Alisema mwenyewe, kisha akapanda ndege, na tangu siku hiyo neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkutano ulianza asubuhi na aya ikapita bila shida, kila mtu akitikisa kichwa kwa huzuni ya adabu. Mchana wakafika kwenye ushuru wa chuma, na hapo nyuso zikabadilika. Wamarekani walitaka sentensi yao, watu wa Ulaya wakataka yao, kahawa ikaletwa, ikapoa, ikaletwa nyingine. Mwishowe wakubwa wa pande mbili wakatoka kwenda kunong'onezana dirishani. Waliporudi, chuma kilikuwa kimepata sentensi nzuri ajabu, na aya ya Ordabel haikuwepo. Wamarekani hawakutaka kulipia ndege, watu wa Ulaya hawakutaka kuwaeleza wapiga kura wao habari za wageni wapya, kwa hiyo kila upande ukamsamehe mwenzake. Chuma kina watu wa kukisemea, jamani.

Lakini mlango ulikuwa haujafungwa kabisa. Wenye kazi hii wana desturi yao. Maandishi yakishaafikiwa mezani, hutumwa kwa wahusika wote na kuwekewa saa ya mwisho. Hapigi kura mtu, hatii sahihi mtu. Saa ikifika na hakuna aliyeandika kupinga, maandishi yamepita. Wao huita hivyo kukaa kimya, na mwenye kupinga huitwa mvunja ukimya. Mtu mmoja tu akivunja, inabidi wote warudi mezani. Tamko lile liliwekewa ukimya mpaka kesho yake saa sita mchana.

Kwenye ukumbi wa nje Nevenka alimkuta Lowell Haskins akila keki ya waffle kwa pupa, sukari imemjaa kwenye tai. Lowell alikuwa Mmarekani wa makamo, mcheshi, na alikuwa Ordabel wakati mmoja naye. Daler alimwendesha yeye pia.

"Umeona walivyoichinja?" Nevenka akauliza.

"Nimeona. Hata kisu hawakunoa."

"Kwa ajili ya vipande vya chuma, Lowell!"

"Punguza sauti, mama wee. Kuta za hapa zina mishahara." Akajifuta mdomo. "Haya, ukimya ni mpaka kesho saa sita."

"Najua."

"Sitashangaa mtu akiwa na la kusema kabla ya hapo."

"Hata mimi sitashangaa," Nevenka akasema. "Nasikia upande wenu kuna watu wenye msimamo."

"Na wenu wapo. Tena wakali kuliko wetu."

Wakatazamana, wakatabasamu, wakaagana. Ungekuwa mimi na wewe, tungeulizana: nani anavunja, mimi au wewe? Lakini hawa wamefundishwa ujana wao wote kumung'unya maneno. Kwao kusema jambo waziwazi ni aibu, ni kama kutoka nje na nguo ya ndani. Nevenka alipanda tramu kurudi nyumbani akiwa amefarijika kweli. Katika lugha ya kazi yao, Lowell alikuwa ameahidi.

Asubuhi Daler akapiga simu. Alikuwa kwa mjomba wake, amejificha na familia katika shimo la kuwekea viazi.

"Dada Nevenka, salama?"

"Salama, ndugu yangu. Nyinyi je?"

"Sisi tumekuwa viazi tu. Munira anasema tukikaa zaidi tutachipua." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Dada, geti la mpakani linafungwa leo jua likizama. Wametangaza redioni. Wakishalifunga hawalifungui. Watu wanasema ng'ambo ya pili kuna kiwanja na ndege yenu inakuja. Nakuuliza wewe, si watu. Tutoke au tusitoke? Huku ndani bado hawajatugundua. Njiani kuna vizuizi."

Nevenka alitazama saa. Kutoka pale mpaka getini ni mwendo mrefu. Wakisubiri mpaka ukimya uvunjwe, watachelewa. Alimfikiria Lowell na tabasamu lake.

"Tokeni," akasema. "Tokeni sasa hivi."

"Una hakika, dada?"

"Mchana mambo yatakuwa yamekaa sawa."

"Mungu akupe umri mrefu," Daler akasema, na Nevenka akamsikia akiwaita wanawe wavae viatu.

Baada ya simu ile alifungua kompyuta akaandika ujumbe: ofisi yetu haiwezi kuafiki maandishi bila aya ya Ordabel. Kazi ilikuwa kubonyeza tu. Hakubonyeza. Alijiambia kwamba ndege ni za Wamarekani, kwa hiyo ni heri avunje Mmarekani mwenyewe. Ulaya ikivunja, Wamarekani watanuna, watasema Ulaya inagawa ndege za watu. Hoja hiyo ilikuwa na akili. Chini yake kulikuwa na hofu, na Nevenka aliijua, kwa sababu kila alipogusa kitufe alimwona waziri fulani akiuliza ni nani huyu aliyetupotezea sentensi ya chuma.

Bosi wake, Mfaransa aitwaye Aurélien Castaing, akachungulia mlangoni, kikombe mkononi.

"Nevenka, mpendwa. Kuna lolote?"

"Hapana, bosi. Kumetulia."

"Kumetulia," Castaing akarudia. Akasimama pale kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata. "Una hakika hakuna la kuniambia?"

"Nasubiri tu saa sita."

"Haya. Tusubiri." Akaondoka.

Saa tano ikapita. Nevenka alifungua barua zake, akazifunga, akazifungua. Lowell kimya. Akainuka kufunga dirisha, maana mvua ilikuwa inaingia. Akajiambia Lowell ni mtu wa dakika za mwisho, siku zote alikuwa hivyo, hata Ordabel walikuwa wakimngoja garini. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe kengele ya kanisa la jirani ilipoanza kugonga. Akakiacha pale pale. Ndiyo, nakwambia alikiacha, na mpaka leo hajui kwa nini. Kengele ilipokoma, ujumbe ukaingia kwa wote: ukimya haukuvunjwa, tamko limepita, pongezi kwa pande mbili.

Akampigia Lowell.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa wapi vipi? Nimekaa hapa hotelini nimeshika simu, nakungoja wewe!"

"Uliniambia hutashangaa mtu akisema!"

"Si nilikuwa nakusemea wewe! Ningevunja mimi, mngesema Marekani inawasukumia wakimbizi. Wewe ndiye ungevunja, mimi ningekuunga mkono palepale. Maneno nilishayaandika."

"Na mimi nilishayaandika," Nevenka akasema.

Lowell akasema kwa sauti ndogo, isiyo na mzaha hata chembe, "Ee Mungu wangu. Neva, usiniambie ulikuwa umewaambia akina Daler watoke."

Alikata simu akakimbilia kwa Castaing bila kugonga mlango. Castaing alikuwa anavaa koti la kwendea chakula cha mchana, kome na chipsi pamoja na wageni.

"Tuifungue upya," Nevenka akasema. "Bosi, nakuomba. Kuna watu wako njiani sasa hivi."

"Imeshatangazwa, mpendwa. Waandishi wa habari wanayo. Aya ile tutaitafutia nafasi mkutano ujao."

"Mkutano ujao ni mwakani!"

Castaing akaketi na koti lake. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, angalau angepatikana wa kumlaani. "Asubuhi nilikuja mlangoni kwako," akasema. "Nilikuja makusudi. Nilidhani utaniambia unavunja. Ungesema, ningekutetea. Ukaniambia kumetulia, nikajua umeamua."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Nevenka akatoka. Hakwenda kula kome. Alipiga simu kila mahali alipofahamu mtu, shirika la wakimbizi, ubalozi wa nchi jirani, afisa mmoja wa anga aliyewahi kumtongoza. Wote walimwonea huruma. Wote walitaka waone kwanza maandishi yanasemaje, na maandishi hayakusema kitu. Akakaa kitini akalia kwa sauti, mtu mzima, mlango wazi, na waliopita kwenye ujia wakapunguza mwendo, kisha wakauongeza.

Simu ikaita. Alitamani kuiacha iite, akaipokea.

"Dada! Tumefika!" Nyuma ya sauti ya Daler kulikuwa na upepo na makelele ya watu. "Tumepita vizuizi vyote, dada. Kimoja tulilala chini ya magunia, binti yetu mdogo akapiga chafya, Munira akamziba pua mpaka nikadhani amemuua. Sasa tuko getini. Askari anasema anapitisha wale tu walioombewa. Niseme tumeombewa na nani?"

"Daler," akasema. "Nisikilize. Hakuna ndege."

"Imechelewa?"

"Haiji. Haikukubaliwa. Rudini kwa mjomba."

"Dada, mjomba wamemchukua. Tumepigiwa simu tukiwa njiani. Pale si pa kurudi." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Nevenka aliitamani hasira hiyo. "Nani aliyekataa? Niambie jina. Kama ni yule Haskins nitaongea naye, ananijua. Kama ni mkubwa wako, mpe simu aongee na Munira, Munira anajua kuomba."

Nevenka alitafuta jina. Alilitafuta kwa moyo wake wote, upande huu na upande ule, hata lake mwenyewe alilijaribu, na hata hilo halikutosha kuwa jibu la swali lile.

"Hakuna aliyekataa," akasema.

"Hakuna?"

"Hakuna, Daler. Hakuna hata mmoja."

Daler akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Sasa dada, mbona unatutisha hivyo? Kama hakuna aliyekataa, basi ni kungoja tu."

Akamsikia akigeuka kuwaeleza watu wake. Lugha yao Nevenka aliifahamu kiasi, ya njiani na ya sokoni. Daler alimwambia Munira watandike blanketi palepale karibu na ukuta, watoto wale mkate uliobaki, kwa sababu Ulaya hawakukataa wala Amerika hawakukataa, na jua lilikuwa bado halijazama.